Dungu la Bi Zainab Juu ya Pikapu Yangu

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa sababu nikisema nitaachika, na kuachika mwezi wa Ramadhani si vizuri.

Leo tumefuturu vizuri, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, kila mtu katulia. Mume wangu Haitham akajifuta mdomo akasema, "Mama Tasnim, naomba gari lako."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nataka kujenga nyumba juu yake."

Nikadhani saumu imempanda kichwani. Kumbe ameshachora kabisa. Haitham ni fundi wa kuchomelea, nusu ya mageti ya Kibiti ni kazi yake, na mtu akizoea kuchomelea kila kitu hukiona kama geti ambalo halijamalizika. Anataka kuweka kijumba cha fremu ya chuma na bati nyuma ya pikapu, chenye kitanda, madirisha pande zote na ngazi fupi pana, ili mama yake aende kukaa bondeni Chumbi kuamia mpunga usiliwe na ndege.

Pikapu ni yangu, si yake. Ndiyo inayochukua nazi Ruaruke na kamba wakavu kule kwetu Nyamisati na kuwaletea wachuuzi wa hapa. Nyuma imeandikwa WAACHE WASEME, na mimi ndiye niliyeagiza iandikwe hivyo.

Sasa huyu mama mkwe wangu, Bi Zainab. Amelima bonde la Chumbi tangu hajavunja ungo. Kule mpunga ukishasimama watu huhamia shambani, kila mmoja na dungu lake, kibanda juu ya nguzo ndefu, na hukaa humo mpaka mavuno, mchana wakifukuza ndege na usiku wakifukuza nguruwe pori. Mwaka jana magoti yalimsaliti kwenye ngazi. Akaanguka, akalala matopeni mpaka jirani yake Maneno alipokuja kuazima kiberiti. Tangu siku hiyo yuko kwetu. Wifi yangu Sabra, mkubwa wao, yuko Mbagala lakini sauti yake inafika kila mahali. Akapiga simu akakata shauri kwamba mama hapandi dungu tena. Mpunga wa mwaka huu wamempandia wanawake wenzake, na Maneno ameambiwa auamie pamoja na wake. Mwenyewe hakuulizwa.

Basi anakaa barazani anawatazama kuku wangu. Chakula anakigusagusa tu. Juzi nilimsikia akimwambia Haitham, "Mwanamke wa bondeni asiyeamia ni maiti anayekula."

Nimemjibu Haitham: hapana.

Jumatatu, 10 Machi

Hapana.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bi Zainab akasimama mlangoni, akauliza kama Chumbi nako inanyesha. Hakuna aliyejua. "Mpunga utakuwa umefika magotini," akasema, na mikono yake ikaenda kwenye magoti yake mwenyewe, akaanza kuyasugua.

Nimemwambia Haitham ajenge. Nimeweka sharti: kijumba kiwe na miguu yake minne ya kuteremshwa, nikitaka gari nalitoa chini yake naenda zangu kwenye nazi. Akacheka kwa furaha mpaka nikajuta.

Jumamosi, 15 Machi

Sabra kakubali, naye kaweka sharti lake: "Mama hashuki bondeni bila gari la kumtoa. Na dereva alale hapo hapo."

Dereva ni mimi. Haitham akishika usukani anaendesha kama anasukuma toroli. Kwa hiyo mimi, binti wa delta, niliyezoea mikoko na maji ya chumvi, nitalala matopeni na mkwe wangu mpaka mavuno, Tasnim wetu akiwa bweni shuleni. Nimekubali kubeba nyumba, nimejikuta nimebeba na mwenye nyumba.

Jumatano, 19 Machi

Leo fundi Mashaka amelala chini ya pikapu muda mrefu. Ni fundi wa springi pale karibu na stendi, mtu wa maneno machache, na haya machache huyasema akiwa chini ya gari, huwezi kumwona uso.

"Springi zimechoka, Mama Tasnim. Zimelala kama mkeka."

Akanionyesha. Springi ya nyuma ni majani ya chuma yaliyopandana, refu juu, fupi chini, na yakiwa mazima hupinda kama upinde. Ya kwangu yamenyooka. Nazi za miaka mingi zimefanya kazi.

Akamuuliza Haitham, "Mzigo wenyewe nini na nini?"

"Fremu, bati, kitanda, godoro, dumu la maji na mama."

"Basi?"

"Basi."

Mashaka akakata majani mawili kutoka springi ya lori lililokufa, akaongeza moja kila upande, akaweka yubolti ndefu zaidi za kuyafunga kwenye ekseli, na shokapu mpya za nyuma. Pikapu ikainua matako kama kuku anayetaka kutaga. Haitham akaizunguka akiisifu kana kwamba ameizaa yeye.

Ijumaa, 28 Machi

Kijumba kimekwisha. Kimepakwa rangi ya kijani, rangi iliyobaki kwenye geti la madrasa. Ngazi ina vidato vitatu na mkono wa kushikia. Bi Zainab akapanda, akakaa kitandani, akachungulia kila dirisha.

"Dungu hili limechuchumaa," akasema. Haitham akafurahi. Mimi nilisikia kwamba hajaridhika, lakini usiku huu amekula.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Pilau, wageni, na kila mgeni lazima achungulie kijumba. Nimechoka.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kuhama. Nimerudi kulala Kibiti, hivyo msomaji atajua haikuwa siku ya kuhama.

Asubuhi nilirudisha pikapu chini ya kijumba, Haitham akazungusha jeki za miguu, kikashuka kikakaa juu yake vizuri. Nikaingia ndani kuchukua khanga zangu. Kutoka nje nakuta Bi Zainab kasimama pembeni ya vitu vyake. Vitu gani! Mtungi. Vyungu. Mafiga matatu. Ungo na vikapu. Tetea na vifaranga vyake. Mikeka. Jembe. Na katikati, kinu. Si vile vinu vya mjini vya kutwangia vitunguu. Kinu cha mti mgumu, kinafika kiunoni, na michi yake miwili.

"Mama," Haitham akasema, "kinu tukiache. Mchele tutakuletea uliokobolewa."

"Na pepeta utaniletea kutoka wapi?"

Pepeta ni mpunga mchanga, haujakauka bado, unakaangwa chunguni, unatwangwa ukiwa wa moto ukawa bapa, unaliwa na nazi. Hauuzwi dukani, na bila kinu hauwi. Kwa Bi Zainab mwaka usio na pepeta haukuwa mwaka.

Wakapakia. Nikasema kinu kikae mbele, kigandamane na kebini. Bi Zainab akasema kinu kinakaa mlangoni, ndipo anapotwangia. Kikakaa mlangoni, mwisho kabisa wa bodi.

Tangu tunatoka Kibiti usukani ulikuwa mwepesi mno, kama magurudumu ya mbele yanataka kuruka. Nikaendesha polepole. Kuingia Ikwiriri, kwenye tuta la barabarani, magurudumu ya mbele yakapita, ya nyuma yakashuka, tukasikia *ka!* Pikapu ikainama upande mmoja. Kuku wakapiga kelele. Bi Zainab, aliyekuwa kiti cha mbele kati yangu na Haitham, akasema kwa utulivu, "Mmevunja gari."

Mashaka akaja kwa bodaboda kakumbatia majani ya springi. Akalala chini. Jani refu la upande wa kulia lilikuwa limekatika kabisa. Akatoka, akafungua mlango wa kijumba, akatazama ndani.

"Haitham. Uliniambia godoro na mama."

"Ndivyo."

"Na hiki?"

"Hicho ni kinu."

"Kwani kinu hakina uzito?"

Bi Zainab akamjibia mwanawe, "Kina uzito kwa anayekibeba."

Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi. Haitham amezaliwa Chumbi. Ameona watu wakihamia bondeni kila mwaka wa utoto wake. Lakini mzigo ule aliuona vichwani mwa wanawake, chungu kwa huyu, ungo kwa yule, kinu kikiviringishwa na dada zake wawili, naye nyuma anaimba. Hakuwahi kuuona umekaa mahali pamoja, basi hakujua kuwa ni mzigo. Nilitaka kumcheka, lakini alikuwa kajiinamia, masikio yamemwiva. Nampenda sana akiwa amekosea.

Jumanne, 8 Aprili

Mashaka kabadilisha jani lililokatika, kaongeza mengine mawili kila upande, na kaweka raba nene ili ekseli isigonge chesisi. "Sasa beba hata msikiti," akasema kutoka chini ya gari.

Nimekwenda Ruaruke na gari tupu. Shimo la kwanza nimejiuma ulimi. Springi hizi bila mzigo zinarusha kama punda aliyekanyagwa. Nazi nilizorudi nazo zilichezacheza njia nzima, na wachuuzi wakaniuliza kama nimezipiga ngumi.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumehamia. Kinu bado mlangoni. Usukani bado mwepesi, springi zimeshika.

Shamba la Bi Zainab linaanzia chini ya mwinuko mdogo, na hapo juu ya mwinuko ndipo tulipoteremsha kijumba kwenye miguu yake. Kuzunguka kote ni mpunga, kijani mpaka macho yanauma, na madungu ya wenzake yamesimama mbali mbali. Bi Zainab hakukaa. Amefunga kamba za makopo kutoka dirishani mpaka pembe zote za shamba, amepanga mafiga yake, amemfungua tetea. Kutembea kwake bado kunaniumiza kukutazama, ila hajanung'unika hata mara moja.

Haitham kaondoka na bodaboda. Aliniaga kama ninakwenda Hija.

Jumapili, 13 Aprili

Sijalala. Makopo yanalia, yeye analia zaidi. Anawafukuza nguruwe bila kuwataja. Jina lao halipitishi mdomoni mwake. "Nyie! Nyie washenzi! Nawaona!" Hawaoni, giza tupu. Mbu wananila upande mmoja, yeye ananipiga kiwiko upande mwingine. Nimemwambia, "Mama, wamekwenda." Akasema, "Wewe ni dereva. Mambo ya shamba niachie."

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Ugali na kisamvu. Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Ananiita Dereva. "Dereva, leta maji." "Dereva, hapo umekanyaga mpunga." Simu ya Haitham inakatika kila mara. Nimemwambia nikirudi mjini nitajenga nyumba juu ya karakana yake, nione atakavyopenda.

Jumanne, 22 Aprili

Nimetoa gari chini ya kijumba, nimekwenda kuchukua nazi, nimerudi jioni nimechelewa, mvua njiani. Nafika, namkuta Bi Zainab kasimama kwenye kidato cha juu kashika mkono wa ngazi, macho yake njiani. Aliponiona akaingia ndani haraka, akajifanya anakunja mkeka. Chai ilikuwa ya moto.

Ijumaa, 25 Aprili

Hili lazima niliandike vizuri.

Kila magharibi, baada ya swala, wanawake wa bondeni huitana. Nilikuwa nasikia nikidhani ni kelele za kufukuza ndege. Huanza dungu la mbali upande wa mto, mtu anaita, "Yeee, nipo!" Anayefuata anaitikia, "Nipo!" halafu anayefuata, mpaka wito unazunguka bonde zima. Bi Zainab huitika kwa sauti ambayo huwezi kuamini inatoka kwenye kifua kile.

Leo sauti ilikuwa imemkauka. Akanigusa. "Itika wewe."

"Niseme nini?"

"Useme upo. Kwani haupo?"

Nikaita. Sauti ikatoka kama ya paka. Kicheko kikasikika kutoka dungu la Maneno, ni mkewe, Zena, ana mimba kubwa na bado anacheka kwa nguvu zote. Kisha akaitika naye, na wito ukaendelea.

Tulipokuwa tunakula nikamuuliza kuhusu siku ile aliyoanguka. Akatafuna, akameza.

"Wito ulifika kwangu ukakatika," akasema. "Maneno akaja."

"Si alikuja kuazima kiberiti?"

"Ebo! Mwanamume mwenye akili zake atasema nimekuja kukutazama kama umekufa? Alikuja na kiberiti chake mfukoni. Nilikiona."

Nimekaa na jambo hili mpaka sasa. Tulidhani analilia mpunga. Sisi tulimkalisha barazani Kibiti, mahali ambapo jua linazama na hakuna anayemuuliza kama yupo.

Jumatano, 30 Aprili

Maji ya mto yamepanda kidogo. Bi Zainab anasema mpunga wa bondeni unajua kuogelea: maji yakija taratibu, nao unarefuka kuyafuata. Yakija kwa pupa ni shauri jingine.

Nimejifunza kupiga kelele. Leo nimefukuza tumbili peke yangu. "Si haba, Dereva," akasema.

Jumatatu, 5 Mei

Tuko Chumbi barabarani, kwenye nyumba ya ndugu yake Bi Zainab.

Jumamosi ilinyesha mchana na usiku. Jumapili alfajiri niliteremka kwenda kutawadha, mguu wangu ukaingia kwenye maji pale palipokuwa na ardhi kavu jana yake. Mwinuko wetu ulikuwa umebaki kisiwa. Wenzetu wengi walikuwa wameondoka Jumamosi kwa mguu walipoona mawingu. Bi Zainab alikataa. "Tunalo gari," alisema, "hatuna haraka," nami mjinga nikakubali, kwa kuwa kitanda kilikuwa na joto.

Kupakia kijumba tumezoea kuwa watu wawili na Haitham ni mmoja wao. Nikaingia ndani ya gari, nikaanza kurudi nyuma kuingia chini yake. Bi Zainab kasimama kwenye maji, fimbo mkononi, ananiongoza. "Njoo! Njoo! Kulia! Kulia kwako, si kwangu! Simama, utaniua!" Tukazungusha jeki nne, mimi mbili na yeye mbili. Kikakaa.

Ndipo akaita. Haikuwa saa ya wito, lakini aliita, "Yeee, nipo!" Kimya. Akaita tena. Kutoka dungu la Maneno ikaja sauti nyembamba, "Nipo, Bi Zainab! Nipo peke yangu!"

Maneno alikuwa amekwenda Utete tangu Ijumaa, na Zena na mimba yake asingeweza kuvuka yale maji kwa mguu.

"Dereva," Bi Zainab akasema. Basi, hilo tu.

Nikaendesha kuelekea kwake, maji yakifika kwenye ringi za magurudumu. Zena akateremka ngazi ya dungu lake nikiwa nimemshika kiuno, akaingia kijumbani na gunia lake la mbegu na mbuzi wake, maana alisema bila mbuzi haendi, na hapakuwa na muda wa kubishana. Bi Zainab akapanda nyuma naye kumshika. Nikageuza gari kuifuata njia ya kwenda barabarani. Ni njia ya kupanda kidogo, udongo mweusi, na wote wawili, na mbuzi, na gunia, na kinu, walikuwa nyuma.

Magurudumu ya mbele hayakushika. Nakata usukani kulia, gari linakwenda linakotaka. Springi zilikuwa zimebeba, nilizisikia zikilia bila kukatika, ila uzito wa nyuma ulikuwa unainua pua ya gari, na mbele yetu kulia palikuwa na mfereji, naujua, ingawa maji yameufunika. Nikasimama. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Mama! Mko wazito nyuma! Sogeeni mbele, na kinu hicho, Mama, kinu!"

Nilikuwa nataka akisogeze. Sikujua mwanamke yule na magoti yale angekisogezaje. Kwenye kioo, kupitia dirisha la mbele la kijumba, nikaona mlango wake unafunguka. Bi Zainab kakaa sakafuni, kaegemeza mgongo kwenye kitanda, kakitia kinu nyayo zote mbili. Kilikuwa mlangoni, pale pale alipong'ang'ania kiwe. Akasukuma mara moja. Kikaenda majini.

Pua ya gari ikashuka. Nikakata usukani, ukatii. Sikusimama tena mpaka nikaona lami.

Zena hakudhurika, mtoto tumboni anacheza. Haitham kafika mchana kwa bodaboda kalowa chapachapa. Alipotuona alipiga magoti kwanza chini ya gari akatazama springi. Nikamuuliza kama angependa niwaache peke yao, yeye na springi. Akanyanyuka akanikumbatia mbele za watu, mbele ya mama yake, akalia kwa sauti. Nami nikalia. Bi Zainab akageuka kutazama upande wa bonde, ambako sasa ni ziwa.

Ijumaa, 9 Mei

Sabra kapiga simu: basi imetosha, mama arudishwe Kibiti. Bi Zainab kasikia, kasema "Sawa." Nimeogopa ile sawa. Jana alikula kidogo, leo kidogo zaidi.

Jumatatu, 12 Mei

Maji yanashuka. Ncha za mpunga zimeonekana.

Jumatano, 14 Mei

Nimembipu Sabra mwenyewe, akanipigia. Nimemwambia, "Dada, ulisema hashuki bila gari la kumtoa. Gari limemtoa. Sharti lako limefanya kazi, sasa narudi naye."

Alifoka mpaka salio likaisha. Lilikuwa salio lake.

Alhamisi, 15 Mei

Tumerudi. Mpunga umelala kidogo upande wa mto, mwingine wote umesimama, mrefu na mchafu wa matope. Jioni wito umezunguka, una mapengo, lakini umezunguka. Bi Zainab kaitika. Nami nikaitika kwa sauti yangu, kila mtu na yake.

Jumapili, 25 Mei

Mpunga unatoa maziwa, punje zimeanza kujaa. Nguruwe wamejua. Usiku tunapokezana, mimi mpaka saa sita, yeye mpaka alfajiri. Nikimwamsha anasema hakuwa amelala.

Jumapili, 1 Juni

Zena kajifungua mtoto wa kike hospitali, salama. Wamemwita Zainab. Bi Zainab kasema ni jina zito kwa mtoto mdogo, halafu akatoka nje, akakaa huko kitambo.

Jumatatu, 2 Juni

Suke limefikia wakati wa pepeta. Bi Zainab kaliminya kwa kidole, kalionja, kalitupa. Kinu hajakitaja tangu siku ile. Nimesema nitanunua kingine Ikwiriri. "Usijisumbue, mwaya," kasema. Ni mara ya kwanza kunisemesha kwa upole, na sikuupenda upole wenyewe.

Jumatano, 4 Juni

Magharibi wito ulianza upande wa mto kama kawaida, ila haukuwa neno moja. Yule mwanamke wa dungu la mwisho aliita maneno mengi, hatukuyapata. Dungu la pili likayarudia, la tatu likayarudia, yakija karibu, mpaka Maneno akasimama kwenye dungu lake akapiga mayowe kwa furaha:

"Bi Zainab! Kinu chako kimelala kwenye matete huku chini! Kipo!"

Bi Zainab akakaa kwenye kidato. Akafunika uso na khanga. Mabega yakatikisika, nikadhani analia. Nilipomkaribia alikuwa anacheka.

Ijumaa, 6 Juni

Kimefika. Kila mwanamke alikibeba mpaka dungu la mwenzake. Wa mwisho kukipokea tulikuwa sisi. Kina mchirizi wa matope usiotoka, vinginevyo kizima.

Jumamosi, 7 Juni

Idd ya kuchinja. Haitham kaja na nyama, Mashaka kaja na spana zake kana kwamba anakwenda kazini. Nazi ni zangu, kutoka Ruaruke. Bi Zainab kakaanga mpunga mchanga, mimi na yule mwanamke wa dungu la mwisho tukatwanga kwa michi miwili, zamu kwa zamu, yeye kakaa kwenye kidato akituambia tunatwanga kama tunaua nyoka. Pepeta ilitoka bapa, ya kijani, inanukia moshi. Nimekula mpaka nikaona haya.

Gao la kwanza, la kujaza kiganja, alimpa Mashaka. "Kula, umevibeba vyote." La pili akanipa mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Tunavuna. Yeye hawezi kuinama, kakaa kwenye mkeka anapokea mafungu na kuyalaumu. Mwili wote unaniwasha.

Jumamosi, 19 Julai

Mavuno yameisha, tumerudi Kibiti. Wakati wa kupakia Bi Zainab alisema, bila kunitazama, "Kinu kiweke mbele, karibu na dereva." Usukani ulikuwa mzito na mtiifu njia nzima.

Kijumba kimesimama uani kwenye miguu yake. Yeye yumo, amekataa chumba. Magharibi ya leo nilikuwa jikoni nikasikia, "Yeee, nipo!" Majirani wakachungulia. Nikaacha mwiko nikaitika, na Haitham kutoka karakana akaitika, vibaya sana.

Mashaka alikuja jioni hiyo hiyo kuondoa majani aliyoongeza, maana pikapu tupu inarusha na nazi zangu zinaumia. Alikuwa ameshalala chini, spana kwenye yubolti, Sabra alipopiga simu. Bi Zainab akaweka sauti kubwa.

"Mama, pole na kazi. Sasa umemaliza? Bondeni ndiyo basi?"

Bi Zainab akanitazama. Nilimwona kaushika mkono wa ngazi kwa nguvu. Akaninyooshea simu kutoka kwenye kidato.

"Muulize mwenye gari," akasema.

Nikaipokea. Nikamwambia Mashaka aache majani, akaze tu yubolti na kupaka grisi.

"Dada Sabra," nikasema, "mbegu tumeshazitenga."